Usaha Ndani ya Kiungo Bandia: Kutoka Berlin hadi Magogoni na Upanga

Viungo bandia na maambukizi yake ya bakteria vina umri mmoja. Tarehe 20 Mei 1890, mjini Berlin, daktari Themistocles Gluck alimwekea msichana mmoja goti la kuchongwa, baada ya goti lake kuliwa na kifua kikuu. Lilichongwa kwa pembe ya ndovu, likakazwa kwenye mifupa kwa skurubu na kwa gundi iliyochanganywa utomvu wa msonobari, unga wa jiwe na plasta. Gluck akaendelea na viungo vingine, vikiwemo nyonga na kifundo cha mkono. Kwa majuma kadhaa matokeo yalipendeza: maumivu yalipungua, kiungo kikakunjika. Kisha usaha ukatafuta njia ya kutokea, ngozi ikatoboka, na pembe ikabidi itolewe.

Pembe wakati ule ndiyo iliyokuwa mali kubwa ya pwani ya Afrika Mashariki. Ilishuka kutoka Ujiji na Tabora mabegani mwa wapagazi hadi Bagamoyo, ikavushwa Unguja, na kutoka hapo ikaenda Bombay, London, Hamburg na Connecticut kutengenezwa vitufe vya piano, mipira ya biliadi na mishikio ya visu. Gluck aliichagua kwa sababu ni ngumu, huchongeka kwa urahisi, na mwili huivumilia. Kwa hilo hakukosea sana. Kosa lilikuwa kuweka kitu kigeni mahali ambapo vijidudu vilikuwa vimeshatangulia, na yeye mwenyewe alikuja kukiri kwamba kiungo chenye maambukizi hakifai kupokea kiungo cha kutengenezwa. Mkubwa wa taaluma yake mjini humo, Ernst von Bergmann, mmoja wa waliofundisha Ulaya kuchemsha vifaa vya upasuaji kwa mvuke, alimzuia kuwasilisha kazi hiyo kwenye Mkutano wa 10 wa Kimataifa wa Tiba uliofanyika Berlin Agosti 1890. Amekuwa akilaumiwa kwa wivu. Hata hivyo, mtu akiangalia hali ya wagonjwa wale ilivyokuwa, zuio lile halikukosa msingi.

Kwenye mkutano huohuo, Robert Koch, aliyegundua bakteria wa kifua kikuu mwaka 1882, alitangaza kwamba amepata kitu cha kuwazuia. Ilikuwa ni tuberkulini, na haikuchukua mwaka kuonekana kwamba haiponyi. Miaka saba baadaye Koch alikuwa Dar es Salaam.

Wajerumani walihamishia makao makuu ya koloni lao kutoka Bagamoyo hadi Dar es Salaam mwaka 1891. Eneo la Magogoni, kijiji cha wavuvi mdomoni mwa bandari, likawa la gavana na maofisa wake, na kando yake ufukweni wakajenga hospitali ya Wazungu iliyokamilika mwaka 1897. Majengo yake yapo hadi leo, ndiyo Taasisi ya Saratani Ocean Road, jirani na Ikulu. Koch alifanya kazi mjini humo mwaka 1897 na 1898, akipima damu za wagonjwa wa malaria, akichunguza ugonjwa wa ng'ombe na kufuatilia tauni iliyozuka Kisiba, Bukoba. Hakuna kiungo bandia alichokigusa. Mchango wake kwa habari hii ni utaratibu: chukua sampuli, otesha, mtambue mdudu, ndipo uzungumzie tiba. Utaratibu huo una zaidi ya miaka 120 tangu ufike mwambao huu, na bado ndio unaoamua kama goti la chuma lililoingia usaha litapona au litatolewa.

Waafrika na Wahindi hawakulazwa Ocean Road. Walitibiwa katika Hospitali ya Sewa Haji, iliyojengwa miaka ya 1890 kwa fedha za Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara Mhindi wa Bagamoyo aliyetajirika kwa bidhaa na misafara. Mtu aliyevunjika mfupa alifungwa magango au plasta, na wengi walipita kwanza kwa mafundi wa kienyeji wa kuunga mifupa. Kiungo kilichooza kilikatwa. Hali haikuwa hivyo Dar es Salaam peke yake. Uingereza kwenyewe, Gathorne Robert Girdlestone wa Oxford alijulikana katika miaka ya 1920 hadi 1940 kwa operesheni ya kukata kichwa cha paja na kuondoa kila kilichooza kwenye nyonga, kisha kuacha nafasi ile ijazwe na kovu. Mgonjwa alibaki na mguu mfupi na mwendo wa kuchechemea, lakini alibaki hai na bila usaha. Operesheni hiyo haijafa. Pale ambapo njia nyingine zote zimeshindwa, nyonga bandia hutolewa na mgonjwa huachwa na nyonga ya Girdlestone.

Nyonga bandia kamili ya kisasa ni kazi ya John Charnley wa Hospitali ya Wrightington, kaskazini mwa Uingereza. Mwaka 1962 alianza kuunganisha kichwa kidogo cha chuma na kikombe cha plastiki ngumu aina ya polithini, vyote vikishikizwa kwa saruji ya akriliki. Kilichomsumbua hakikuwa chuma tena. Kati ya wagonjwa wake wa mwanzo, takriban 7 katika kila 100 walipata maambukizi ya ndani, kiwango ambacho kingeweza kuizika operesheni nzima. Charnley aliamini kwamba bakteria hutoka hewani: vumbi la ngozi za watu waliomo chumbani hudondoka ndani ya kidonda kilichofunguliwa saa nzima au zaidi. Kwa msaada wa kampuni ya Howorth, mafundi wa kuchuja hewa, alitengeneza kibanda ndani ya chumba cha upasuaji, hewa safi ikishuka kutoka juu na kusukuma vumbi nje. Wapasuaji walivaa mavazi yaliyofunika mwili wote, na pumzi zao zikavutwa kwa mpira. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1970 maambukizi yalikuwa yameshuka chini ya 1 katika kila 100, na sehemu kubwa ya mafanikio hayo ilipatikana bila kutegemea antibiotiki.

Jaribio kubwa la Uingereza lililochapishwa mwaka 1982, likihusisha hospitali 19 na operesheni zaidi ya 8,000 za nyonga na goti, liliunga mkono hoja yake: maambukizi yalikuwa asilimia 1.5 katika vyumba vya kawaida na 0.6 katika vyumba vya hewa safi zaidi. Lakini jambo hilo halikuishia hapo. Kadiri dawa za kinga zilivyozoeleka na usafi wa vyumba vya kawaida ulivyoboreka, tofauti ile ilififia katika kumbukumbu za nchi nyingi, na mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mitambo ya hewa ya aina hiyo isitumike kwa lengo la kuzuia maambukizi ya viungo bandia. Kwa hospitali za Afrika Mashariki huo ulikuwa ushauri wa manufaa. Fedha ambazo zingenunua mtambo mmoja wa hewa zinatosha kununua mashine za kutakasia vifaa, sabuni na dawa ya kusafishia ngozi kwa miaka mingi. Mwongozo huohuo ulisisitiza mambo yasiyo na gharama: dozi ya antibiotiki itolewe ndani ya dakika 120 kabla ya kupasua, na isiendelezwe siku nyingi baada ya operesheni kwa kujihami tu.

Wakati Charnley akipambana na hewa, mjini Hamburg daktari Hans Wilhelm Buchholz alikuwa akiichunguza saruji. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alianza kuchanganya jentamisini katika unga wa saruji ya mifupa. Saruji ikikauka huwa ya moto, kwa hiyo dawa nyingi huharibika ndani yake. Jentamisini huvumilia, kisha hujitoa kidogo kidogo katika tishu zinazoizunguka kwa kiwango ambacho sindano ya mshipani haiwezi kukifikia bila kuumiza figo. Buchholz alikwenda mbali zaidi: alitoa kiungo kilichooza, akasafisha, na katika operesheni hiyohiyo akaweka kipya kwa saruji yenye dawa. Taarifa yake ya mwaka 1981, yenye wagonjwa 583, ilionyesha kwamba wapatao 77 katika kila 100 walipona kwa mzunguko wa kwanza. Wamarekani hawakuvutiwa na haraka hiyo. Mwaka 1983 John Insall na wenzake wa New York walichapisha njia ya hatua mbili kwa magoti: toa kiungo, mpe mgonjwa antibiotiki ya mshipani kwa wiki sita, ndipo uweke kipya. Mabishano kati ya hatua moja na mbili yanaendelea hadi sasa, na kila upande una wagonjwa wanaoufaa.

Sababu ya antibiotiki kushindwa peke yake ilieleweka polepole. Mwaka 1957 watafiti wawili wa London, Elek na Conen, waliwachoma watu waliojitolea bakteria aina ya stafilokokasi chini ya ngozi. Walihitajika mamilioni ya bakteria ili jipu litokee. Walipotia uzi wa kushonea mahali palepale, mamia machache yalitosha. Kitu kigeni, hata kikiwa chembamba kama uzi, huwapa bakteria mahali pa kujishika ambapo askari wa mwili hawawafikii vizuri. Katika miaka ya 1980 Anthony Gristina na William Costerton walionyesha kinachotokea hapo: bakteria wakishagusa chuma au plastiki hujifunika kwa utando wa kunata, hupunguza kasi ya kuzaliana, na huishi humo kama mji wenye ukuta. Dawa inayowaua wakiwa wanaelea kwenye damu huenda ikahitajika kwa kiwango cha mara mamia, pengine mara elfu, ili kuwaua wakiwa ndani ya utando. Ndiyo maana mgonjwa hupata nafuu anapokunywa dawa, homa ikashuka na uvimbe ukapungua, kisha ugonjwa ukarudi wiki chache baada ya dozi kwisha. Dawa iliwamaliza waliotoka nje ya ukuta.

Dar es Salaam iliingia katika habari hii kupitia majeruhi. Hospitali mpya ilifunguliwa Upanga mwaka 1956 kwa jina la Princess Margaret, ikachukua kazi ya Sewa Haji, na baada ya Uhuru ikaitwa Muhimbili. Jina la mfadhili wa zamani halikupotea: limebaki kwenye jengo la wodi, Sewahaji, jirani na Kibasila na Mwaisela. Chuo cha udaktari kilianza mwaka 1963. Upasuaji wa mifupa kama taaluma ya Watanzania ulijengwa na kizazi cha Profesa Philemon Sarungi, aliyesomea Hungary, akafundisha Muhimbili na baadaye kuwa waziri, na ambaye jina lake huambatanishwa na kuzaliwa kwa Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1996. Kufika hapo kutoka soko la Kariakoo ni kuvuka Morogoro Road pale Faya na kuendelea kidogo, na ndiyo njia wanayopitishwa waliogongwa na daladala, walioanguka na bodaboda na walioangukiwa na mizigo sokoni.

Kwa miaka mingi vyuma vilivyowekwa Upanga vilikuwa vya kuunga mifupa iliyovunjika: sahani, skurubu, na misumari ya ndani ya mfupa, mingi ikitolewa msaada na shirika la SIGN la Marekani lililoanzishwa mwaka 1999. Kwa wazee waliovunjika shingo ya paja, iliwekwa nusu ya nyonga ya chuma iliyobuniwa na Mmarekani Austin Moore. Aliyehitaji nyonga au goti kamili, kama alikuwa na uwezo au kibali cha serikali, alisafirishwa, mara nyingi India. Operesheni hizo sasa hufanyika nchini, na wanaozihitaji Tanzania hawafanani na wale wa Wrightington. Ulaya mgonjwa wa kawaida ni mzee ambaye gegedu limelika. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa na selimundu, wanaokadiriwa kufikia 11,000 kwa mwaka, na ugonjwa huo huziba mishipa midogo ya damu hadi kichwa cha paja kikafa kijana akiwa bado na miaka ishirini na kitu. Kijana huyo ataishi na nyonga bandia miongo kadhaa, na mwili wake hupambana vibaya na bakteria wa mifupa, hasa salmonela. Swali la Virusi vya UKIMWI nalo lilizua hofu. Nchi jirani ya Malawi, yenye rejista ya viungo bandia tangu mwaka 2005, ilisaidia kuituliza: wagonjwa wenye virusi waliobadilishiwa nyonga hawakuonyesha wimbi la maambukizi ya mapema lililokuwa likihofiwa.

Bakteria wa wodi za Upanga nao wana sura yao. Katika vitabu vya Ulaya na Marekani, mshukiwa wa kwanza wa kiungo bandia ni stafilokokasi, wa aina ya dhahabu au wa kawaida wa ngozini. Utafiti wa vidonda vya upasuaji uliofanyika Hospitali ya Taifa Muhimbili na kuchapishwa mwaka 2014 ulimkuta sudomonasi akiongoza, stafilokokasi wa dhahabu akifuata na klebsiela nyuma yake, na wengi wao walikuwa sugu kwa dawa za aina nyingi. Utafiti huo haukuhusu viungo bandia pekee, lakini mpasuaji anayechagua dawa ya kukisia usiku wa Jumamosi hana budi kuwakumbuka hao. Kumwandikia mgonjwa wa Upanga dawa kwa kufuata kitabu cha Boston ni kumtibia bakteria wa Boston.

MOI yenyewe imekuwa mahali pa majaribio ya kweli ya kuzuia maambukizi ya chuma. Kati ya miaka ya 2015 na 2017 iliandikisha wagonjwa zaidi ya 200 waliovunjika mfupa wa muundi na ngozi kupasuka, wakagawanywa kwa bahati nasibu kati ya msumari wa ndani na vyuma vya nje. Baada ya mwaka mmoja, idadi ya waliokufa au kurudishwa chumba cha upasuaji kwa maambukizi na matatizo mengine haikutofautiana kwa kiwango cha kuamua. Baadaye ukafuata mpango wa kudunga jentamisini moja kwa moja kwenye jeraha, ulioanza kwa jaribio dogo la wagonjwa 100. Fikra ni ileile ya Buchholz, kuipeleka dawa mahali bakteria walipo, ila hapa bila saruji na kwa dawa ambayo bei yake ni ndogo.

Tiba ya kiungo bandia kilichoambukizwa, popote inapofanyika vizuri, huanza kwa kupima muda. Kama dalili zina wiki tatu au nne hivi na chuma hakijalegea, kiungo hufunguliwa, huoshwa kwa lita nyingi za maji ya chumvi, nyama zilizokufa hukatwa, kipande cha plastiki hubadilishwa, na chuma huachwa. Muda huo ukipita, utando huwa umekomaa na chuma hutolewa. Kabla ya hapo, maji ya ndani ya goti hufyonzwa kwa sindano, na wakati wa operesheni vipande vitano au sita vya nyama huchukuliwa sehemu tofauti, kila kimoja kwa kifaa chake safi na kwenye chupa yake. Bakteria yuleyule akiota katika vipande viwili au zaidi, huyo ndiye. Akiota katika kimoja tu, huenda ametoka kwenye ngozi au mikononi mwa mtu wa maabara. Baadhi huota taratibu mno, hivyo sahani huwekwa hadi siku 14, na maabara iliyozoea kuzitupa siku ya tatu au ya tano haitawaona.

Kwenye njia ya hatua mbili, nafasi ya kiungo kilichotolewa haiachwi wazi. Mpasuaji huchanganya unga wa saruji na unga wa vankomaisini au jentamisini, hukoroga pamoja na kimiminika chake, na kwa dakika chache kabla haijakauka hufinyanga umbo la kiungo kwa mikono yake. Tonge hilo hushikilia nafasi, huzuia misuli isikakamae na hutoa dawa kwa wiki kadhaa.

Dawa moja ya kumeza ina nafasi ya pekee hapa, na Watanzania wanaifahamu kwa rangi ya chungwa inayoutia mkojo: rifampisini. Huingia ndani ya utando wa stafilokokasi kuliko nyingi nyingine. Jaribio la Werner Zimmerli na wenzake, lililochapishwa mwaka 1998, lilikuwa na wagonjwa 33 tu, lakini wote 12 waliokamilisha rifampisini pamoja na siprofloksasini walipona, wakati wenzao wasiopewa rifampisini walipona 7 kati ya 12. Jaribio la Norway la mwaka 2020 halikuiona faida hiyo, na mjadala umefunguka upya. Nchini Tanzania dawa hii ina uzito wa ziada. Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma ulioanza mwaka 1977, ukisaidiwa na daktari Karel Styblo, ulitoa uzoefu ambao Shirika la Afya Duniani liliutumia kujenga mkakati wake wa dunia nzima, na rifampisini ndiyo nguzo ya dozi ya kifua kikuu. Ikitolewa peke yake, stafilokokasi huwa sugu ndani ya siku chache. Ikitolewa kwa mgonjwa ambaye kifua kikuu chake hakijatafutwa, humficha bakteria wa Koch na kumfundisha kuizoea dawa. Kwa hiyo makohozi na picha ya kifua hutangulia.

Wiki sita za dripu wodini zilikuwa sheria isiyohojiwa hadi mwaka 2019, jaribio la Uingereza lenye wagonjwa 1,054 wa mifupa na viungo lilipoonyesha kwamba vidonge vilivyochaguliwa vizuri havikuwa duni kuliko dawa za mshipani: walioshindwa kupona walikuwa asilimia 13.2 kwa vidonge na 14.6 kwa mshipani. Miaka miwili baadaye Wafaransa walipunguza shauku ya kufupisha dozi: kati ya wagonjwa wa viungo bandia waliotibiwa wiki 6, maambukizi yaliendelea kwa asilimia 18.1, na kwa waliotibiwa wiki 12 asilimia 9.4. Majibu hayo mawili yanaifaa Dar es Salaam, ambako kitanda cha wodi ni adimu na ndugu wa mgonjwa hulipa nauli kila siku. Mgonjwa anaweza kumalizia tiba nyumbani, mradi aimalize yote.

Vidonge hivyo huchaguliwa kwa jibu la maabara, na hapo ndipo Kariakoo inapoingia tena. Antibiotiki hupatikana kwenye maduka ya dawa ya mitaa yake bila cheti, ingawa sheria inataka cheti, na Tanzania ilishapitisha Mpango Kazi wa Taifa wa kupambana na usugu wa dawa wa mwaka 2017 hadi 2022. Dozi ya siku tano iliyonunuliwa dukani haiui walio ndani ya utando, ila inatosha kuwafanya wasiote kwenye sahani ya maabara, na mpasuaji akabaki anakisia. Wapasuaji huwataka wagonjwa ambao hali yao inaruhusu kukaa wiki mbili bila antibiotiki kabla ya kuchukuliwa sampuli. Mwenye nyonga au goti bandia akiona kidonda kinatoa maji, au kiungo kinauma upya baada ya kutulia, arudi kwa waliompasua kabla ya kupita dukani.